Kibao Kimesema

Nchi ya Bondeni ilikuwa na ghala moja la umma. Wazee walilijenga baada ya ukame mkubwa ulioondoka na nusu ya watoto wa nchi ile. Siku walipoliezeka, walichonga sheria moja kwenye shina la mbuyu uliosimama mbele ya mlango wake: mwezi ambao mnyama hana debe la nafaka nyumbani mwake, ghala litampa debe moja. Wakati wa mavuno kila mmoja alileta fungu lake. Wakati wa njaa aliyepungukiwa alikuja kuchukua, na hakuna aliyeona haya, maana alichokichukua alikuwa amekichangia mwenyewe.

Mtunza ghala alikuwa mzee Kobe. Mnyama akifika, Kobe alimketisha kivulini na kumuuliza: mwezi huu umepata nini, na umepata kwa nani? Kisha alikwaruza alama kwenye gome la mti. Akishuku jambo, alijikokota hadi kwa huyo aliyetajwa, akauliza. Waongo walikuwepo, na Kobe aliwapata mmoja mmoja. Walirudisha walichokula na mambo yakaisha. Kazi ilikwenda polepole, lakini hakuna aliyesingiziwa.

Mwaka mmoja Mfalme Simba alitaka boma jipya la mawe. Mawe yalihitaji wachukuzi, na wachukuzi walihitaji kulishwa. Akamwita Fisi, mhazini wake.

"Nafaka ya kuwalisha itatoka wapi?"

"Nafaka ipo, Mtukufu," alijibu Fisi. "Imeliwa na wezi. Nchi imejaa wavivu wanaovuna shambani na kuvuna tena ghalani. Tukiwadai wote, boma litakwisha kabla ya masika."

Fisi hakuleta ushahidi. Lakini neno wizi likishatamkwa barazani, hakuna anayetaka kuonekana akimtetea mwizi, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza wezi hao ni wangapi, wala wameiba nini.

Nyani, fundi wa mfalme, akaagizwa achonge chombo cha kuwakamata. Alileta Kibao, ubao wa mninga wenye matundu 12, tundu moja kwa kila mwezi. Juu alimimina shanga nyeupe: jumla ya nafaka aliyopata mnyama kwa mwaka mzima, kama ilivyoandikwa na watoza kodi. Shanga ziliteremka kwenye vijia vyembamba na kujigawa sawasawa, kila tundu likapata fungu lake. Kisha Nyani akatia shanga nyekundu, moja kwa kila debe lililotoka ghalani, kila moja katika tundu la mwezi wake. Palipokutana nyeupe na nyekundu, hapo palikuwa na deni.

Baraza zima lilishangilia. Hapakuwa na maswali wala kivuli cha mbuyu, na hapakuwa na mzee wa kujikokota. Idadi ya wanyama ambao Kobe aliwachunguza kwa mwaka, Kibao kilimaliza kwa wiki moja.

Kobe peke yake ndiye aliyeinua shingo. "Mtukufu, sheria ya ghala inasema mwezi. Chombo hiki kinahesabu mwaka, halafu kinaukatakata mwaka na kuuita mwezi. Wengi wetu hatupati riziki kwa mgawo sawa. Kuna miezi ya kupata na miezi ya kukosa." Akayakwaruza maneno hayo kwenye gome, akamkabidhi Fisi. Fisi alilisoma gome lote, kisha akaliweka chini ya jiwe nyuma ya ghala. Wiki ile ile Kobe aliambiwa amechoka, akapumzike.

Asubuhi moja Kunguru alitua mbele ya kiota cha Kanga na kudondosha jani kavu. Jani lilisema: unadaiwa na ghala madebe tisa, na juu yake sehemu ya kumi kuwa adhabu. Una siku saba za kulipa, au kuthibitisha kwamba hudaiwi.

Kanga alikuwa mama wa vifaranga sita, na kazi yake ilikuwa kibarua. Kila mwaka, kwa miezi mitatu ya palizi na mavuno, alimfanyia kazi Nyati, naye Nyati alimlipa madebe manne kwa mwezi. Miezi hiyo hakukanyaga ghalani. Miezi tisa iliyobaki alikuwa hana kitu. Alikwenda kwa Kobe, akasema ukweli, akapewa debe lake. Alilishika lile jani, akalisoma mara ya pili, kisha akaenda mbio hadi kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee. Jani hili limekosea mlango."

"Kibao hakikosei mlango. Ulipata madebe 12 mwaka ule, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi kila mwezi ulikuwa na debe moja. Kwa nini ulichukua la ghala?"

"Mwezi wa kumi sikuwa na punje, mzee. Muulize Kobe."

"Kobe hayupo. Leta ushahidi kutoka kwa Nyati."

Mwaka uliodaiwa ulikuwa umepita misimu mitatu nyuma, na Nyati alikuwa amehama na kundi lake ng'ambo ya mto. Kanga hakuwa na gome wala jani la kuonyesha mwezi upi alilipwa na upi hakulipwa. Magome ya Kobe yalikuwa ghalani, mikononi mwa Fisi, na Fisi hakuyafungua. Aliyedai alikuwa na kumbukumbu zote. Aliyetakiwa kuthibitisha hakuwa na hata moja.

Siku saba zikapita. Fisi alikuwa ameshawakodi mbwa mwitu wakusanye madeni, na ujira wao ulikuwa fungu la kila watakachokusanya. Walifika kwa Kanga alfajiri na kuondoka na madebe manne, yaani ujira wake wote wa mwezi wa kwanza wa palizi. Yaliyobaki, walisema, watayarudia.

Majani yaliendelea kudondoka nchi nzima. Wengi walilipa bila kuuliza, maana mnyonge akiambiwa na mkubwa kwamba anadaiwa, huanza kujishuku mwenyewe. Palikuwa na Digidigi mmoja, kijana mpole, aliyepata majani matatu kwa mwezi mmoja. Alijaribu kueleza, akaambiwa Kibao kimesema. Alirudi tena, akaambiwa vivyo hivyo. Usiku mmoja aliingia mtoni, na mama yake akamngoja hadi asubuhi. Mama alipokwenda barazani kuuliza mwanawe alikosa nini, aliambiwa kwamba habari za madeni ya mtu ni siri ya ghala.

Wachache walikata shauri kwenda kwa Bundi, mwamuzi wa nchi, aliyesikiliza kesi usiku juu ya mvule. Kila aliyefika na deni la Kibao, Bundi alilikagua na kulifuta: halina msingi katika sheria ya ghala. Fisi hakubisha wala hakukata rufaa. Alimfutia huyo mmoja aliyekwenda, akanyamaza, na kesho yake akatuma majani mengine mia kwa hesabu ile ile. Hukumu za Bundi hazikupigiwa ngoma, kwa hiyo nchi haikujua. Kila mnyama alidhani ni yeye peke yake aliyeonewa.

Kanga ndiye aliyekataa hukumu ya gizani. Aliomba kesi yake isikilizwe mchana, chini ya mbuyu, mbele ya wote. Usiku wa kuamkia siku hiyo Fisi alifika mwenyewe kwenye kiota.

"Binti, tumehesabu upya. Huna deni. Hakuna haja ya kwenda kokote."

"Na madebe manne mliyokwisha kunichukulia?"

"Utarudishiwa."

"Na yale ambayo ningeyapanda yakazaa? Na jirani zangu ambao hawajui kwamba mnajua?"

Fisi hakuwa na jibu. Asubuhi Kanga alikuwa wa kwanza kufika mbuyuni.

Bundi aliagiza Kibao kiletwe. Nyani akamimina shanga nyeupe 12. Zikajigawa, moja kila tundu. Kisha Kanga akaomba kokoto 12. Aliziweka nne katika tundu la kwanza, nne katika la pili, nne katika la tatu, kama alivyolipwa na Nyati. Matundu tisa yakabaki matupu. Wanyama walisogea. Walitazama matundu tisa yenye shanga, na matundu tisa yasiyo na kokoto, na hata watoto walielewa.

Bundi akamgeukia Nyani. "Chombo chako kinajua Kanga alilipwa mwezi gani?"

"Hakijui."

"Basi kilijuaje kwamba mwezi wa kumi alikuwa na debe?"

Nyani aliinamisha kichwa. "Hakikujua. Kilikisia."

"Na wewe, Fisi, ulijua kwamba kinakisia?"

Kabla Fisi hajafungua kinywa, Kobe alitokea nyuma ya ghala, polepole, akiliburuta lile gome alilolitoa chini ya jiwe. Likasomwa mbele ya wote.

Hapo kila mmoja akatafuta wa kumtwika. Mfalme alisema aliambiwa ni halali. Fisi alisema alidhani wataalamu wamekagua. Nyani alisema alichonga alichoagizwa. Kunguru alisema yeye ni tarishi tu. Mbwa mwitu walisema walikuwa kazini.

"Hili ndilo jambo la kuogopa," alisema Kobe. "Deni lilikuwa na wadai kila pembe ya nchi. Kosa halina mwenyewe hata mmoja."

Bundi akatoa hukumu. Madeni yote ya Kibao yafutwe, na yaliyolipwa yarudishwe. Kisha wazee wakachonga sheria mpya chini ya ile ya kwanza. Chombo chochote cha kuhesabu haki za wanyama kitajaribiwa kwanza barazani, mbele ya wale kitakaowahesabu. Anayedai ndiye atakayethibitisha. Kila uamuzi utakuwa na jina la kiumbe hai aliyeutoa na atakayejibu ukikosewa. Na hukumu ya mwamuzi itapigiwa ngoma nchi nzima siku hiyo hiyo. Kanga alirudishiwa madebe yake. Mama wa Digidigi hakuwa na cha kurudishiwa.

Hekaya hii ni yangu, lakini yaliyomo yalitokea Australia.

Mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo ilianza kujaribu mpango ambao baadaye watu waliupachika jina la Robodebt, na 2016 ikaueneza. Msaada wa serikali kwa wasio na kazi, wanafunzi na wagonjwa huhesabiwa kwa kila wiki mbili. Mfumo wa kompyuta ulichukua mapato ya mtu ya mwaka kutoka mamlaka ya kodi, ukayagawa sawasawa katika vipindi 26, na ukakuta "tofauti" kwa yeyote aliyefanya kazi miezi michache tu ya mwaka. Tofauti hiyo ikawa deni. Awali watumishi walichunguza mashauri kama 20,000 kwa mwaka. Mfumo ukaanza kutoa barua zipatazo 20,000 kwa wiki. Mwananchi alitakiwa kutafuta hati za mishahara ya miaka iliyopita, na mawakala wa kukusanya madeni walitumwa kwa walioshindwa.

Gome chini ya jiwe nalo lilikuwepo. Ushauri wa kisheria wa mwaka 2014, uliotolewa ndani ya serikali yenyewe, ulionya kwamba kukadiria mapato kwa kugawa wastani hakulingani na sheria. Bundi wa gizani naye alikuwepo: baraza la rufaa lilifuta madeni ya namna hii, Profesa Terry Carney akiwa miongoni mwa wajumbe walioamua hivyo mwaka 2017, lakini hukumu za ngazi hiyo hazikuchapishwa na serikali haikuzikatia rufaa. Mpango ukaendelea hadi Novemba 2019, serikali ilipokubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni lililotolewa kwa wastani halikuwa halali. Zaidi ya watu 400,000 walikuwa wamedaiwa, isivyo halali, zaidi ya dola bilioni 1.7 za Australia. Tume ya kifalme iliyoongozwa na Catherine Holmes iliwasikiliza akina mama waliopoteza wana wao waliojiua baada ya kudaiwa. Ripoti yake ya Julai 2023 ilisema mpango huo ulikuwa wa kikatili, haukuwa wa haki na haukuwa halali, na ikatoa mapendekezo 57.

Hesabu iliyoleta maafa hayo ni ya kugawanya, inayofundishwa shule ya msingi. Nalisema hili kwa sababu siku hizi tukisikia algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kufikia uamuzi, twadhani hatari iko kwenye akili mnemba tusiyoielewa. Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo mgumu zaidi wa kupima hatari ya udanganyifu katika ruzuku ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa nchi hiyo kukahesabiwa kuwa dalili ya hatari. Maelfu ya wazazi waliamriwa kurudisha fedha wasizoweza kuzipata, na serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu Januari 15, 2021. Mfumo mmoja ulikuwa mwepesi na mwingine mgumu, lakini dhuluma ilikuwa ile ile, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa kimoja: mzigo wa kuthibitisha ulitolewa mabegani mwa mwenye nguvu ukatwikwa aliye dhaifu, na aliyetia mkono kwenye uamuzi hakuonekana.

Jambo hili limeshabisha hodi kwetu. Kenya, tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii huwakata wenye ajira asilimia 2.75 ya mshahara. Mama mboga, mwenye bodaboda na mkulima hawana hati ya mshahara, kwa hiyo huulizwa kuhusu nyumba yao, paa lake, kuta zake, choo chake, kisha mfumo hukadiria mapato ya kaya na kiasi cha kuchangia. Wananchi wengi wamelalamika kwamba wamekadiriwa kuliko uwezo wao. Mapato ya mvuvi hubadilika kaskazi na kusi, na ya kibarua wa shamba hubadilika masika na kiangazi. Makadirio yasiyojua misimu hiyo yana kosa lile lile la matundu 12. Tanzania, katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, kuna dodoso na kanuni ya kukokotoa, lakini pia kuna mkutano wa kijiji, ambako jirani anaweza kusimama na kusema fulani ameachwa. Mkutano huo unachosha na una upendeleo wake, lakini ni mahali pa kusemea, na mahali hapo pasifutwe kwa kisingizio cha haraka.

Sheria tunazo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inagusa maamuzi ya aina hiyo. Lakini Bondeni nako sheria ilikuwa imechongwa kwenye mbuyu, kila mtu akiipita asubuhi na jioni. Haikumsaidia Kanga mpaka aliposimama chini yake na kudai isomwe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapofika dirishani ukaambiwa mfumo umekataa au mfumo umekudai, usiondoke na jibu hilo. Uliza ni nani aliyeamua, kwa jina na cheo chake. Uliza ni kanuni gani iliyotumika, na uelezwe kwa lugha unayoielewa. Uliza rufaa inasikilizwa wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kubatilisha. Na ukishinda rufaa yako, watangazie jirani zako. Ofisi isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haina haki ya kumdai mwananchi hata shilingi moja.